Sentimita Mbili

Niliipenda ile nyekundu.
Ilining'inia kwenye kenchi dukani kwa Zamoyoni, Ilala,
mtumba wa meli ya juzi, na stika ya Kijapani
asiyeijua kuisoma mtu mtaa mzima.
Nikatoa pochi.
"Rudisha," akasema. "Vua viatu."

Akanisimamisha ukutani kama mtoto wa chekechea,
akanipa daftari la madeni nilibane mapajani,
"Pandisha mpaka lihisi kama siti,"
akapiga mstari wa penseli juu ya chokaa.
Ilikuwepo mistari mingine, ya warefu, ya wafupi,
mmoja umeandikwa jina: Bi Tunu, nesi.
Futi ya cherehani ikateremka hadi sakafuni.
Sabini na nne.

"Nyekundu ina mwenyewe, mtu wa miguu ya korongo."
Nikabisha, nikaipanda hivyo hivyo,
vidole vya miguu vikitafuta saruji.
Kipendacho moyo ni dawa, nikamwambia.
"Na mgongo una moyo wake,
tena huo hauoni rangi.
Wewe umeikalia, dada.
Yenyewe haijakukaa."

Akashusha ya kijivu,
kijivu cha sufuria iliyosuguliwa mchanga.
Nikashika fremu ya mlango.
Kisigino kwenye pedali: mguu ukanyooka.
Unyayo wa mbele: goti likakunja kidogo,
mlango ulioegeshwa kwa anayerudi sasa hivi.
"Huo usukani unaushika au unauning'inia?"

Nilikuwa nauning'inia.
Miaka kumi na tisa dirishani, napokea bili za maji,
shingo mbele, mabega masikioni,
hakuna aliyewahi kuniuliza.

Spana. Siti ikasogea mbele
sentimita mbili, upana wa kidole gumba.
Viwiko vikalegea vyenyewe.

Jumapili, kabla jua halijashika lami,
nilitoka Barabara ya Uhuru hadi Mwenge.
Nilisubiri ganzi ya viganja, sikuiona.
Nilisubiri kiuno kianze maneno yake.
Kimya.
Pale Ubungo nilisahau kabisa kama nina mwili,
nikasikia mnyororo tu, na mtu anafagia.

Juzi nilipita kujaza upepo.
Kijana mmoja, mrefu mpaka anainamia mlango,
anaitazama nyekundu, mkono mfukoni.
Zamoyoni alikuwa anatafuta penseli.
Nikamwambia kijana: vua viatu,
nikampa daftari.