Herufi Sita

Babu wa babu yangu alishuka Buenos Aires
na jina la herufi tisa.
Karani wa bandari, mtu wa haraka, jua la Februari kisogoni,
akasikiliza, akapangusa jasho, akaandika sita.
Geoghegan ikawa Guegan.
Tatu zilikwenda wapi, sijui. Labda zilidondoka majini
baina ya mashua na mkokoteni uliopokea abiria.
Yeye hakulalamika. Alitia X.
Asiyejua kusoma hajui ameibiwa herufi ngapi.

Nimekulia Suipacha, kwenye tambarare isiyo na hata kichuguu
cha kumficha ng'ombe anayeondoka.
Kwetu rozari ilisaliwa kwa Kihispania, chai ikanywewa kwa maziwa,
na bibi Eulalia, akikasirika, alitamka neno moja
ambalo hakuna aliyejua maana yake. Hata yeye.
Nimelibeba neno hilo mpaka Westmeath,
nimelibana shavuni kama senti ya nauli.

Mullingar mvua haianzi wala haikomi.
Inakaa tu, kama mgeni ambaye hajapewa jembe.
Bi Sorcha wa ofisi ya parokia alinivisha glavu,
akafungua daftari la 1829 polepole,
kama anayemfunua mtoto aliyelala.
Ukungu ulikwisha kula pembe. Wino umegeuka rangi ya chai.
Kidole chake kikasimama:
Bartholomew, mwana wa Patrick Geoghegan.
Nikalia, nikaomba radhi, nikalia tena.
Kidole kikashuka mistari kumi na mmoja.
Bartholomew, mwana wa Patrick Geoghegan.
Akageuza ukurasa. Septemba.
Bartholomew, mwana wa Patrick.

Watatu. Mwaka mmoja, jina moja, maji ya birika moja.
Mama zao: Honora, Catherine, na wa tatu
ameliwa na ukungu.
Mmoja alipanda meli Liverpool akaja kuchunga kondoo wa watu,
theluthi ya wanakondoo ikiwa ujira wake.
Wengine wawili, hesabu mwenyewe:
ishirini na tisa, ongeza kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane,
viazi vimeoza ardhini na kodi ya shamba bado inadaiwa.
Daftari la mazishi la miaka hiyo halipo.
"Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuandika," alisema Bi Sorcha,
akawa anatazama dirisha.

Alasiri alinipeleka shambani kwa Fintan Tormey,
mtu mrefu mwenye kofia iliyolowa zamani ikazoea.
Jua lilichungulia dakika nne, kwa ubavu,
na chini ya nyasi nikaona matuta.
Matuta ya viazi, mbavu kwa mbavu, mpaka juu kilimani
ambako hata mbuzi angesita.
Hakuna aliyeyapanda tangu wakati ule, wala aliyeyasawazisha.
Baba yake Fintan alimkataza kupitisha trekta.
Hakusema kwa nini. Sikuuliza.
Nikamshika kondoo wake mmoja, nikazamisha vidole kwenye manyoya,
kazi yangu ya miaka thelathini na miwili,
nikamtajia daraja lake la sufu.
"Mnunuzi huniambia la chini zaidi," akasema.
"Mnunuzi wako mwongo," nikasema,
na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikajihisi mwenyeji.

Hapo ndipo nilipomtamkia neno la bibi.
Alilirudia. Akaligeuza ulimini kama kokwa.
"Pengine ni la kufukuza kuku," alisema.
"Au ni jina la mtu."

Jioni nikataka Misa ya marehemu.
Ya yupi? aliuliza Bi Sorcha, kalamu mkononi.
Wa Honora, wa Catherine, au yule mwingine?
Nikalipia tatu.
Stakabadhi ilihitaji jina la mlipaji. Akanisogezea.
Niliandika sita.
Bi Sorcha akasoma, akafungua kinywa anisahihishe,
akakifunga.