Kinga na Kinga

(Manaus, mwezi wa saba)

Unasema hutachanjwa, Valdecir:
mwili wako ulishapigana vita vyake
kwenye machela ile ya buluu, siku kumi na saba,
mama akikukamulia ndimu,
nami nikihesabu pumzi zako kwa saa ya mkononi.
Ni kweli. Sikatai.
Damu yako ilikutana na adui uso kwa uso,
ikaikariri pua yake, ikazikariri kucha,
ikatoka hai, bila cheti.

Lakini Januari, kaka.
Tulipanga foleni ya mitungi tangu saa nane usiku,
mvua ikitunyeshea nje ya kiwanda,
tukimtafutia hewa Zuleide, jirani yetu,
ambaye naye aliugua Mei, naye akapona,
naye alizunguka soko la samaki, barakoa kidevuni,
akisema, "Mimi yangu nimeshayamaliza."
Kirusi kilirudi kimebadili shati.
Damu yake ikakitazama
kama unavyomtazama mtu mliyesoma naye,
jina liko ulimini, halitoki.
Tulifika na mtungi.
Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Sikuletei maneno ya serikali.
Leo nimechanja watu mia moja na themanini na wawili.
Mzee Adalgiso alilia kabla sijamgusa,
akaomba radhi, akasema ni jua.
Wewe ulifunzwa na chui mwenyewe.
Hawa ninawafunza kwa picha ya chui:
homa ya usiku mmoja, bega zito,
asubuhi wanakwenda kazini.
Nani kajifunza zaidi? Sijui. Pengine wewe.
Ila chui anadai karo,
na kuna waliolipa yote.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Basi nipe hiyo yako, uliyoipata kwa kuungua,
niikutanishe na hii ya kwenye kasha la barafu.
Kwa mara moja tu, tuone
kama moto hauwezi kuzimwa kwa njia hiyohiyo.

Hujibu.
Unakiinua kikombe, unanusa kahawa.
Bado inanuka masizi, mwaka na zaidi sasa.
Unakirudisha mezani.

Kisha unakunja mkono wa shati.
"Wa kushoto," unasema, "wa kulia ni wa kazi,"
na unageuza uso ukutani
vilevile ulivyougeuza siku ile
ulipoushusha mtungi begani, umejaa,
na hapakuwa na wa kumpa.