Mwenye Maziwa

Nilipanda ngazi na kopo la buluu
nyuma ya soko la Jubilee, Kisumu,
mwaka ule magugu yaliziba gati lote.
Chini, Hansaben Vadgama kashika ngazi
kwa mkono mmoja; kwa mwingine, karatasi:
SARASWATI. VITABU, KALAMU, DAFTARI.

Mimi siandiki jina nisilolijua.
Niliwahi kumwandikia mtu BARAKA,
nikaja kuona anauza majeneza.

"Saras, ziwa. Wati, mwenye.
Mwenye maziwa," akasema, kwa Kiswahili cha kaunta,
nami sikuuliza tena. Pembeni mwa jina
nikachora kibuyu, na ng'ombe mwenye nundu.

Alicheka hadi ngazi ikatikisika.
"Odundo! Si ya kunywa, ni ya kuogelea!"
Kisha akakaa juu ya kreti ya soda, akanieleza:

kwanza hakuwa mwanamke, alikuwa mto,
mto uliosifiwa kabla hakujawa na wino,
ukitandaza vidimbwi kila ulikochoka,
hata siku moja ukaingia mchangani
na hakuna aliyeuona ukitoka.
Wapo wasemao ungali unapita, chini kwa chini.
Maji yakaenda, jina likabaki na sauti ya maji,
sauti ikawa maneno,
maneno yakaota mikono minne:
ya zeze miwili, wa kitabu, wa tasbihi.
Na bata mweupe, shingo ndefu, wa kumbeba.
Mtilie huyo maziwa na maji bakuli moja:
atakunywa maziwa, maji atayaacha.
"Hansa," akajigusa kifuani. "Ndiye mimi."

"Basi ng'ombe abaki," nikasema.
Akafikiri. "Abaki. Bata atakunywa nini?"

Nilipokuwa nafuta brashi akauliza
sisi Wajaluo ziwa tunaliitaje.
"Nam."
Akanyamaza, kama mtu aliyesikia mlango.
"Kwetu nam ni jina."
Nami sikuwa na jibu jingine ila la Kiswahili:
"Naam."

Siku hizi pale wanauza vifuniko vya simu.
Hansaben alimfuata mwanawe, ng'ambo, kwenye baridi.
Kodi imepanda, bati ni lile lile.
Mvua za alasiri, zinazotoka ziwani,
zimeila WATI yote, zimeacha SARAS:
ziwa, lisilo na mwenyewe.
Ng'ombe bado yupo, nundu na pembe moja.
Nikipita huwa namsalimu.
Sijawahi kupeleka rangi.