Geti la Kahe

Mahindi yakishavunwa, shamba hubaki mabua matupu:
ekari sita zisizo na kitu cha kugonga
ila kichuguu kimoja, na mgunga wa mpakani.
Hapo nilimweka Aikande nyuma ya usukani,
miaka kumi na miwili na miezi yake,
juu ya nusu gunia la choroko
ili macho yavuke dashibodi.

Gari lenyewe halina bima wala namba ya nyuma.
Mlango wa kushoto umefungwa kwa waya.
Barabarani halitoki. Lakini hapa lina heshima zake:
limebeba samadi, limebeba majeneza mawili,
limebeba ndama aliyezaliwa usiku wa mvua.
"Lisalimie kwanza," nikasema.
Akacheka, akagonga dashibodi: hodi.

Klachi, kanyaga mpaka chini.
Sasa iachie kama unavyoachia kamba ya ndama,
taratibu, maana bado hajui kama yuko huru.

Likaruka. Likakohoa. Likazima.

Lilizima mara tisa, nilihesabu.
Ya kumi likatambaa,
mabua yakaanza kuvunjika chini yetu,
ka, ka, ka,
kama mtu anayetafuna bisi kanisani.

"Mama, linakwenda!"
"Linakwenda. Usinitazame mimi."

Sikuwa nimemwambia
kwamba mama yake hajawahi kuendesha hata toroli.

Baba yangu alikuwa na Landrova na wavulana wanne.
Jumamosi aliwaleta hapa hapa, mmoja mmoja,
na mimi nilipewa geti:
kufungua, kushika, kufunga,
kumeza vumbi la Ndesario, vumbi la Awadieli,
vumbi la wale wawili wadogo kuliko mimi.
Nguzo ilikuwa kipande cha reli. Ipo bado.
Asubuhi za Julai ilikuwa baridi hadi inauma viganja.

Basi nikajifunza kwa masikio.
Gia ya kwanza hunung'unika. Ya pili huguna.
Ya tatu, ukiipata vizuri, hunyamaza kidogo
kama mgonjwa aliyegeuzwa upande.
Nilijua Awadieli kachelewa kubadilisha
kabla baba hajafoka.
Na usiku, kitandani, mguu wangu wa kushoto
ulikanyaga blanketi, ukaachia, ukakanyaga.

"Sasa tia pili."
"Umejuaje?"
"Sikiliza. Linaomba."

Getini amesimama Elirehema, amenuna,
fimbo mkononi, anazuia mbuzi wa jirani.
Zamu yake ni baada ya chai.
Ananiona kama mama asiye na huruma,
nami nataka kumwambia, mwanangu,
mimi hapo nilisimama nikaota mvi.

Kisha kichuguu.
Kilikuja polepole, kama mgeni anayejulikana,
na Aikande akawa anakitazama, na gari likafuata macho yake.
Baba angeshaukamata usukani.
Mikono yangu niliikalia.
Niliikalia kwelikweli, kiganja chini, mpaka ikafa ganzi.

Akapata breki mwenyewe.
Chupa ya chai ikabingirika, kidevu chake kikagonga usukani,
tukabaki tumetazamana na mchwa, hatua mbili hivi.
Kimya. Injini ikitiktika kwa joto.
Nyuma yetu Kibo ilikuwa imejifunika, haikuona kitu.

Alijifuta damu kidogo mdomoni,
akaivuta handibreki kwa mikono yote miwili,
akaniuliza, bila utani:
"Mbona wewe hukai hapa?"

Sikuwa na jibu lililo tayari.
Nilishuka kwa dirishani, maana mlango ule ni waya,
nikazunguka mbele, boneti ikinichoma nilipoishika.
Nusu gunia la choroko nikalitoa, nikampa alipakate.
Kiti kilikuwa bado cha moto.

Elirehema hakuambiwa na mtu.
Alitupa fimbo, akawasahau mbuzi,
akalifungua geti lote, hadi mwisho wa bawaba,
akasimama wima pembeni ya ile reli
kana kwamba nilikuwa nasafiri.