Miguu Thelathini

Kimefika kwa posta kutoka Maribor,
kibao cha kijani, urefu wa kidole gumba changu,
na kidole changu si kirefu.
Nimevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine,
nisome yaliyochapwa kando ya kila mguu,
meupe, madogo kama mayai ya chawa.

Kumi na tano huku, kumi na tano kule:
jongoo kalala chali
juu ya meza yangu ya kukatia mkate.

"Anza na ardhi, Shangazi Nežka,"
Gorazd wa jirani ananiambia kwa simu.
"Ardhi ziko tatu, chagua yoyote, zote ni moja."
Nikacheka peke yangu.
Bojan yuko ardhini tangu Februari
na mimi ndiyo kwanza naambiwa nianzie huko.

Umeme huingilia mlango mmoja, mwembamba kama ukucha.
Huingia volti tano, hupozwa,
hugawiwa wengine tatu na nukta tatu.
Vitufe viwili: hiki humwamsha upya,
kile humshika mdomo wakati wa kumfundisha.
Miguu sita husikia kiasi,
hujua kidogo, hujua kidogo zaidi.
Iliyobaki hujua ndiyo na hapana tu,
kama marehemu baba.
Na iko miwili hufanya kazi pamoja,
mmoja hupiga mdundo, mwenzake husema.
Mguu wa kumi na mbili usiuguse kinapoamka.
Kwa nini? Gorazd naye hajui.
Kila nyumba ina mtu wa namna hiyo.

Mguu wa saba nimeuua mimi.
Nimeupa volti tano zile mbichi,
waya mwekundu, mkono wenye haraka.
Harufu ikapanda, nikaitambua kabla ya moshi:
miaka ishirini na sita nililehemu simu za mezani
kiwandani Kranj, safu ya dirishani,
na harufu ile ilikuwa ikikatwa kwenye mshahara.

Nikangoja kibao kizima kife.
Hakikufa.
Kitaa chake cha buluu kikaendelea kupepesa,
hakina habari.
Nikahamishia waya mguu wa tisa,
nikafuta saba kwenye programu, nikaandika tisa.
Basi. Mazishi yamekwisha.

Sasa kinakaa chini ya mzinga, ndani ya kopo la kahawa.
Hulala dakika kumi na tano, huamka,
hupima, hutuma, hulala tena.
Betri moja, Gorazd anasema, itafika Machi.
Bojan alipima kwa mkono:
aliinua mzinga kwa nyuma, akafumba jicho moja,
akaandika kwa penseli: *wanatosha*.
Daftari zima ni neno hilo,
isipokuwa majira mawili ya baridi.

Desemba yote namba ilishuka,
gramu ishirini, gramu thelathini,
nyuki wakila asali yao gizani.
Nilikuwa nikiisoma kitandani, kabla ya dawa ya presha.
Halafu leo alfajiri: thelathini na moja na nusu
imekuwa thelathini na tano.

Nikakaa. Nani ametia asali usiku?

Ndipo niliposikia kimya kilivyo kizito huko nje.
Sikufungua hata pazia.
Nikavaa viatu vya Bojan, vilivyokuwa karibu,
nikachukua ufagio
nikapanguse theluji kwenye paa lao.

Mguu wa saba nimeutia tone la rangi ya kucha, nyekundu,
nisije nikasahau na kuujaribu tena.