Methali ya Mfinyanzi

Jina langu ni Nyevu,
na kiwanja nilichonunua Ganda
kwa akiba ya miaka kumi na tisa
kina unyevu kunizidi.

Muuzaji alinionyesha mwezi wa pili.
Ardhi imekauka, imepasuka nyufa
za kumeza mkono hadi kiwiko.
Nikasema moyoni: hii ina njaa ya mbegu.
Kumbe ilifumba macho tu,
ikingoja masika.

Sasa ni Mei. Kandambili yangu ya kushoto
bado imo humo ndani.
Nilivuta mguu, mguu ukaja peke yake.
Sidi alicheka mpaka akaikalia ndoo.

Kule kazini, ufuoni, kwenye bustani za wenyewe,
mchanga ulikunywa kila nilichoupa.
Mpira wa maji asubuhi, mpira wa maji jioni,
na saa moja baadaye mchanga unauliza:
ati umenipa nini?
Kiu naijua, naisoma kwenye jani.
Ardhi iliyoshiba
hakuna aliyenifundisha.

Nikachimba shimo, kina cha mkono,
nikalijaza maji magharibi inapoingia,
nikasimika kijiti chenye alama ya mkaa.
Asubuhi maji yapo palepale alamani,
na kando ya kijiti, chura,
ametulia kama mwenye hati.

Shemeji Nzaro akaja na jembe begani.
"Udongo uwahi ungali maji," alisema,
akatemea mate viganja.
Shemeji, nikamwambia, hiyo ni methali ya mfinyanzi.
Huu ukiuchimba ungali maji
utakupa magae, hautakupa mboga.
Geuka uone unakotoka.
Akageuka. Nyayo zake zilimfuata tangu njiani:
bakuli, bakuli, bakuli,
na kila bakuli limejaa.
Jembe akaliegemeza ukutani bila neno.

Basi nimekaa na kalenda ya mwaka jana,
mgongo wake mweupe, penseli ya Sidi.
Mtaro kwanza, kabla ya ua, kabla ya lango,
uanzie nyuma ya jiko ushuke na mteremko.
Maji nayo ni mgeni,
aonyeshwe mlango wa kutokea.
Kisha vitanda vitatu, vimeinuka hadi magotini,
vyembamba, mkono wa huku ukutane na wa kule,
asikanyage mtu ndani,
si mimi, si mbuzi wa Mama Mbeyu.
Humo makumbi ya nazi yaliyooza,
samadi iliyokwisha kupoa,
majani ya mkorosho, jivu kidogo.
Nzaro anataka mchanga, lori zima.
Nimewaona mafundi wakiuchanganya na udongo kama huu;
kilichotoka kiliitwa ukuta.

Mchicha, mnavu. Bamia upande wa jua.
Nyanya nimeziandika, nimezifuta,
nimeziandika tena kwa herufi ndogo.
Waridi hapana. Waridi ni la ufuoni,
hapa lingeoza miguu limesimama,
nami nimechoka kuuguza maua.

Imebaki pembe ya chini, ya chura.
Nilikuwa nimeitia mkasi: ijazwe kifusi,
nikatafuta na bei ya kifusi, nikaumwa na kichwa.
Usiku nikakumbuka majimbi ya mamangu
bondeni Sabaki, miguu majini mwaka mzima,
majani mapana kama sinia,
na sisi watoto tukijifunika mvua kwayo.
Nimeufuta mkasi.
Karatasi imetoboka hapo kidogo.

Sidi anauliza tunaanza lini.
Nimechota donge, nikalifinya.
Likivunjika kama andazi la jana, ndiyo siku.
Leo limekubali vidole vyote vitano,
hata kile chenye kovu la panga.
Nimeliweka dirishani, karibu na taa.
Kila asubuhi nalibonyeza kidogo
kabla hata sijanawa uso.