Jino Moja

Muuzaji alinionyesha kwanza ndoo pana,
ya manjano, rangi mpya juu ya kutu ya zamani,
akaigonga kwa spana ili nisikie inavyolia.
"Mama Mwewa, hii inameza kichuguu kwa siku tatu."
Sikumjibu. Nilikuwa nauangalia mdomo,
wa ndoo, si wake, ingawa yote miwili ilikuwa wazi.

Trekta yetu ni ndogo. Farasi ishirini na watano,
na wawili kati yao, asema fundi Kyungu, ni wagonjwa.
Tuliinunua wanawake kumi na mmoja wa matofali,
franka juu ya franka kwenye kopo la maziwa ya unga,
miaka miwili, na msimu mmoja wa mvua
uliotuyeyushia matofali elfu nne kabla hayajaonja moto.
Ndiyo maana sinunui kwa masikio.

Nyinyi ambao hamjapiga jembe kichuguu cha Kilobelobe
mwezi wa nane, nawaambia:
udongo ule si udongo tena. Mchwa wameutafuna,
wakautia mate, wakaujenga punje kwa punje
kabla babu zetu hawajasikia shaba ikitajwa kwa Kifaransa.
Jembe linaruka, linakurudishia pigo mpaka begani.
Ndoo pana ingefanya nini pale? Ingelamba.
Ingeteleza kama kijiko juu ya mfupa.
Na siku ikiuma kweli, ikijaa,
magurudumu ya nyuma yangeinuka taratibu
na Chola, dereva wetu, kilo hamsini pamoja na viatu,
angeiona mbingu kabla hajaitwa.

"Basi chukueni bapa."
"Bapa linasukuma kilicholegea," Kyungu akasema,
"halilegezi kitu." Akatema ganda la karanga.
"Ina moyo trekta hii. Kiuno haina."

Nyuma ya banda, chini ya matairi yaliyopasuka,
nikaliona jino.
Moja tu, limepinda
kama kidole cha mtu anayekuita usogee,
ncha imelika upande wa kushoto.
Muuzaji akacheka, hicho chuma chakavu, mama.
Tukaliinua wawili. Nikapima unene: vidole vinne.
Nikauliza bei huku nikitazama pengine.

Jino litangulie, lichane.
Kisha ndoo nyembamba, upana wa mlango wa jikoni.
Kisha pipa, lining'inie nyuma,
tulijaze mawe meusi ya masalio ya shaba
yaliyorundikana chini ya bomba la moshi,
ili mji huu uliotubebesha miaka yote
nao utushikie uzito kidogo.

Hayo niliwaambia wenzangu.
Sikuwaambia kwamba upande wa mashariki wa kichuguu kile
mama yangu alianika muhogo miaka thelathini,
na mvua ya kwanza ikianguka aliweka beseni la maji
na taa juu yake, tukangoja kumbikumbi
waje kuvua mabawa kwenye mikono yetu.
Ndoo pana haijui pa kusimama.
Nyembamba hutwaa kipande, hurudi nyuma,
inampa mtu nafasi ya kushuka na kutazama.

Jumatatu jino likaingia.
Halikulia kama nilivyodhani. Lilikohoa.
Pande la kwanza likaanguka na vijia vyake ndani,
hewa baridi ikatoka, harufu ya uyoga,
na Chola akazima injini bila kuambiwa.
Tukasimama pale, kumi na mmoja na vijana wawili,
mchwa wakikimbia na watoto wao mdomoni.
Mpaka Nyota wa Kisimba akafunga upya kitenge chake:
"Tanuri halingoji. Washa."

Akawasha.
Upande wa mashariki nimechora mstari wa majivu.
Hakuna aliyeniuliza ni wa nini.
Mwezi wa kumi mvua itaufuta.
Nitauchora tena.